Muulize Mzee wa Mahema

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua hema la mtumba la watu wanne, na sasa wanangu wa miaka 7 na 10 hawanipi raha. Wanataka likizo ya Juni tukalale nje. Wao wanasema Kilimanjaro, mama yao anasema uani. Gari hatuna, na mimi mwenyewe sijawahi kulala hemani. Karibu na Moshi twende wapi?
Baba Wawili, Majengo

Marahaba, mwanangu. Mlima uacheni kwanza. Nilibeba mahema ya wageni kule juu hadi magoti yakagoma, na baridi ya Juni naijua. Kila mkipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, kwa hiyo Mandara, kituo cha kwanza cha kulala cha njia ya Marangu, kwenye mita 2,700 hivi, ni baridi kuliko Majengo kwa nyuzi zaidi ya 10. Tena njia hiyo watu hulala kwenye vibanda, hema lako lingebaki mfukoni.

Nendeni Chemka, kwenye chemchemi. Pandeni daladala hadi Boma Ng'ombe, kisha bajaji ya kuelekea Rundugai; vumbi mtalila. Maji ni vuguvugu, angavu hadi chini, mikuyu imeyainamia, na visamaki vitawadonoa watoto miguu. Ila kina ni kirefu, asiyejua kuogelea akae kwenye tairi, na wewe uwe majini naye, si ukingoni na simu. Nendeni katikati ya wiki. Jumamosi na Jumapili vijana huja na spika zao, na mimi sijaona maana ya kusafiri ili kusikiliza muziki wa baa. Mbu wapo, hivyo zipu ya hema ifungwe kabla jua halijazama. Bei ya kulala mpatane pale mlangoni kabla hamjafungua mizigo.

Sasa hema lenyewe. La mtumba mara nyingi huja bila vigingi vyote. Lisimamishe uani, ulimwagie ndoo mbili za maji, uingie ndani utazame mishono (hapo mama watoto naye atakuwa amepata uani wake). Na kitu ambacho wageni wengi hawaamini mpaka usiku wa manane: baridi ya hemani hutoka ardhini. Ukijifunika mablanketi matatu juu ya mkeka mtupu, saa tisa utakuwa unatetemeka. Kunjua maboksi, weka mkeka, kisha godoro jembamba la sponji. Blanketi moja la juu litatosha huko Chemka. Mifuko ya kulalia hukodishwa mjini kwenye maduka ya vifaa vya mlima, lakini kwa safari hii usitupe hela.

Chakula kipikwe nyumbani. Machalari (ndizi zilizopikwa na nyama) ya kupasha kwenye gesi ndogo yanatosha.

Wakizoea, mwaka mwingine muwapeleke Ziwa Chala, kule Rombo mpakani na Kenya. Kwangu ndipo pazuri kuliko pote, unalala juu ukingoni na ziwa liko chini yako kama ndani ya chungu. Lakini tafuteni gari, na maji yale ni ya kutazama tu: mwaka 2002 mamba alimuua msichana Mwingereza aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya.

SWALI: Mzee, niko Arusha, mfuko mwepesi. Naweza kulala hemani bila kulipia hifadhi ya taifa?
Mwanafunzi, Sakina

Ziwa Duluti. Panda daladala ya Usa River, shuka Tengeru, uliza njia, utafika kwa miguu. Msitu uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, nao wana ada yao, basi ilipe ofisini kwao upewe risiti. Kuna njia ya kuzunguka ziwa lote. Ukienda Jumatano au Jumamosi, pitia kwanza soko la Tengeru ununue ndizi na parachichi. Kuni za msituni usiguse.