Kinundu cha kidole hakiponi, eti ni bakteria wa samaki?

SWALI: Shikamoo dokta. Nafuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo, sasa miezi miwili iliyopita nilikuwa nasugua tangi kidole kikachubuka kwenye jiwe, kidogo tu. Wiki tatu baadaye kikatoka kinundu chekundu, saa hizi kimekuwa cha zambarau kinachuruzika majimaji, na vingine viwili vimeota vinapanda mkono kama vimetungwa kwenye uzi. Hakiumi sana. Nshamaliza dozi mbili za antibayotiki na tyubu ya krimu ya fangasi, wapi! Jirani kaniambia ni bakteria wa samaki. Kweli au ananitisha?

JIBU: Marahaba. Jirani yako huenda kapatia. Kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum, ni ndugu wa yule wa TB (usishtuke, humwambukizi mtu nyumbani), aligunduliwa 1926 kwenye samaki waliokufa huko Philadelphia, Marekani. Anaingia kwenye mchubuko halafu anatulia wiki kadhaa, ndo maana watu wengi wanakuwa washasahau hata hilo jiwe.

Huyu anapenda ubaridi, anastawi kwenye nyuzi 30 hivi, kwa hiyo anang'ang'ania vidole na viwiko, hazami sana ndani ya mwili kwenye joto. Na hapo ndo maabara nyingi zinapomkosa, maana kipimo kinaoteshwa kwenye nyuzi 37 na majibu yanarudi "hakuna kitu". Kwa hiyo ukifika kwa daktari wa ngozi, kabla hata hujakaa sema NAFUGA SAMAKI. Atakata kinyama kidogo, maabara waoteshe kwenye nyuzi 30 na wasubiri mpaka wiki 6.

Dawa zipo, mara nyingi klarithromaisini pamoja na ethambutoli au rifampisini, ila ni miezi mitatu minne, na ngozi ikishapona unaendelea tena mwezi au miwili. Najua inachosha, usikatishe.

Ila mkono ukivimba ndani ya masaa, malengelenge na homa juu, hasa baada ya jeraha la maji ya bahari, huyo siye, anaweza kuwa Vibrio (bakteria mwingine wa maji ya bahari), kimbia hospitali usiku huo huo, na mwenye ugonjwa wa ini ndo kabisa asingoje.

Samaki wako usiwatupe. Vaa glavu ndefu, na ule mpira wa kutolea maji acha kuuvuta kwa mdomo.