Piga hesabu ya kilo za nondo kabla hujalipia

Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.65. Huhitaji kumuuliza muuzaji, kwani kanuni ya sekondari inatosha: tungamo ni ujazo mara densiti. Nondo ni silinda tu, ila ndefu na nyembamba.

Geuza vipimo vyote viwe sentimita kwanza, kwa sababu densiti ya chuma tutaitumia kama gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo. Kipenyo ni 1.2, nusu yake 0.6. Chukua 0.6 × 0.6 × 3.1416, upate eneo la 1.131. Zidisha kwa urefu wa sentimita 1,200, ujazo unakuwa 1,357. Mara 7.85 ni gramu 10,653. Ukisahau kugawa kipenyo kwa mbili, jibu linatoka mara nne, yaani kilo 42 na ushee. Hiyo hata anayeibeba begani atakukatalia.

Mafundi wana njia ya mkato: kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Hiyo 162 si uchawi, ni 3.1416, nne na densiti ya chuma vilivyokwisha kuchanganywa. Kwa hiyo usiitumie kwa alumini, ambayo densiti yake ni 2.7 tu.

Sasa tazama nondo inayoitwa 12 kumbe ni 11. Kwa macho huoni tofauti, lakini kilo zinashuka hadi 8.95, karibu asilimia 16, kwa sababu kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe. Kwenye nondo 100 umekosa kilo 170 za chuma, na nguzo yako imezikosa pia. Kalipa, kile kifaa cha kubana na kupima kipenyo, haisaidii sana hapa: ukibana juu ya mbavu (mistari iliyoinuka kwenye nondo) inasoma zaidi, ukibana katikati ya mbavu inasoma pungufu. Mizani ndiyo ya kuaminika. Kata kipande cha mita 1 kamili, kisugue kutu na udongo, kipime kwa mizani ya jikoni. Cha milimita 12 kiwe na gramu 888. Kiwango cha Uingereza cha nondo, BS 4449, kinaruhusu kuzidi au kupungua kwa asilimia 4.5 kwa nondo nene kuliko milimita 8, hivyo chini ya gramu 848 kataa. Pima na urefu pia. Nondo nyingi hukunjwa katikati ili ziingie kwenye gari, na huko kwenye kunjo ndiko nusu mita hupotelea bila mtu kugundua.

Bomba la mraba lina mtego wake. Chukua la 40 kwa 40, unene milimita 2, urefu mita 6. Watu wengi hutoa 2 mara moja, wakaandika uwazi wa ndani 38. Unene uko pande zote mbili, kwa hiyo ndani ni 36. Eneo la nje ni sentimita za mraba 16, la ndani 12.96, chuma chenyewe ni 3.04. Mara 600, mara 7.85: kilo 14.3. Kwa ile 38 ungepata kilo 7.3, nusu ya ukweli. Kwenye mizani litasoma pungufu kidogo ya 14.3, maana pembe zake zimeviringwa.