Jibu: Kwa nini mtoto ndiye anayepanda kileleni?

Ndugu, umeuliza kwa nini Wakatalani, watu wa Katalunya nchini Hispania, humpandisha mtoto juu kabisa ya mnara wa watu. Sababu kubwa ni uzito: mnara unaweza kufika ngazi 10, na kila anayepanda huwaongezea mzigo walio chini. Mtoto huyo, enxaneta, huvaa helmeti, akifika kileleni huinua mkono, kisha huteremkia upande wa pili.

Lakini mimi hutazama zaidi chini, kwenye pinya: umati uliobanana, wazee kwa vijana, wakiushikilia mnara na kuwadaka wenzao ukiporomoka. Wengi wao hata hawauoni mnara wanaoubeba! Desturi hii ilianzia Valls, mji wa Katalunya. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2010. Na heshima kamili hupatikana wote wakishuka bila mnara kuanguka.