Kwa dada aliyeuliza kuhusu mdogo wake mwenye Down

Pole dada. Umesema mdogo wako ana sindromu ya Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili, ametimiza miaka 44, na tangu Ramadhani amekuwa mtu mwingine: haogi mpaka avutwe, mpira aliokuwa hakosi hautazami tena, na daktari amekwambia "hao ndivyo walivyo". Majirani nao wanataka akasomewe. Kusomewa sikukatazi, sisi pia tulifanya. Lakini hilo jibu la daktari nalijua, maana lilitupotezea karibu miaka miwili. Nivumilie, nitaandika kirefu.

Kakangu ana miaka 52 sasa. Tumekulia Majengo. Kazi yake ya asubuhi miaka yote ilikuwa moja: avuke kichochoro na bakuli, anunue mahamri kumi na mbaazi, arudi na chenji. Hesabu hajui, lakini kwa namna yake alijua chenji ikipungua, na alikuwa hatoki pale mpaka itimie. Alipokuwa na 46, siku moja akarudi na mahamri, bakuli kaliwacha. Tukacheka. Wiki hiyohiyo akarudi na bakuli tupu. Tukamtania.

Mimi nilidhani kumbukumbu ikianza kwenda, mtu husahau majina. Yeye majina yetu yote alikuwa nayo, hata ya watoto wa jirani. Kilichomtoka ni kujua nini kinafuata nini. Ijumaa moja alivaa kanzu, kisha akavaa fulana juu yake, akakaa mlangoni kungoja kwenda msikitini. Kwa watu wenye Down mwanzo mara nyingi huwa hivyo: mtu akakwama katikati ya kazi ya hatua tatu nne, akaacha alichokipenda, akawa mkaidi au mkimya. Ndiyo maana watu husema ni tabia.

Kisha feri. Tunashuka upande wa Likoni, pale chuma kinapokutana na saruji, akasimama. Watu nyuma wanasukuma, yeye anapapasa kwa mguu kama mtu anayepima kina cha maji. Nilimvuta mkono kwa hasira. Hilo najuta mpaka leo, maana kumbe macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho.

Daktari wa kwanza alimuuliza leo tarehe ngapi na rais ni nani. Kakangu hajawahi kujua tarehe maishani mwake! Wa pili, binti mdogo tu, aligeuka kwangu akauliza: mwaka juzi alikuwa anafanya nini peke yake ambacho leo hawezi? Swali hilo ndilo lililofungua kila kitu. Hawa hawapimwi kwa kulinganishwa na wewe au mimi. Mtu hulinganishwa na alivyokuwa mwenyewe. Kwa hivyo leo hii chukua simu umrekodi mdogo wako akivaa, akifunga vifungo, akitengeneza chai. Usimsaidie. Rudia baada ya miezi sita. Na wenye ndugu wa miaka 30 wasingoje, waanze sasa wakiwa wazima.

Yule binti hakutamka dimenshia, yaani akili kupotea kidogokidogo, siku hiyo. Alisema tuondoe kwanza vinavyotibika, navyo kwa watu wenye Down ni vingi. Damu ipimwe tezi ya thairoidi na vitamini B12. Masikio yaangaliwe, matundu yao ni membamba na nta hujaa. Macho. Usingizi pia: ukimsikia anakoroma, pumzi inakatika, kisha anashtuka, mwambie daktari. Kakangu tezi ilikuwa imelala na masikio yameziba.

Na akauliza kama tumefiwa. Mama alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Siku za matanga kakangu tulimpeleka Kisauni kwa shangazi "asione", na aliporudi hakuna aliyemwambia. Alikuwa anamngoja.

Tulimwambia, tukampeleka kaburini. Tembe za tezi kila asubuhi kabla ya kula, macho akapasuliwa. Baada ya miezi mitatu alinigombeza kwa kugusa redio yake, nikafurahi kama nimepewa zawadi. Akarudi kwenye mahamri yake.

Ilikaa takriban miaka miwili. Kisha akaanza kuteremka tena, na safari hii vipimo vyote vilikuwa safi. Hiyo ndiyo Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta hiyo dimenshia. Wenye Down wana nakala tatu za kromosomu namba 21 (kromosomu ni vifurushi vya urithi ndani ya seli) badala ya mbili, na jeni inayotengeneza chanzo cha protini ya amiloidi imo humohumo, kwa hivyo huwa nyingi tangu kuzaliwa. Wakifika 40 karibu wote wanayo imeganda ubongoni, ila ugonjwa wenyewe hujitokeza zaidi wakiwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Zamani haukuonekana kwa sababu walikufa mapema: Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 wastani wa umri wao wa kuishi ulikuwa kama miaka 25, sasa ni karibu 60. Mdogo wako na 44 anaweza kuwa ameanza, na anaweza kuwa na tezi tu.

Mikono ikianza kurukaruka asubuhi akamwaga chai, au akianguka kifafa ambacho hakuwa nacho, nenda hospitali siku hiyohiyo. Sisi tulidhani ni baridi. Na mtu asikuuzie dawa ya kurudisha akili. Hata memantini, ambayo wagonjwa wengine wa Alzheimer hupewa, ilijaribiwa Uingereza na Norway kwa wenye Down waliozidi miaka 40, na matokeo ya 2012 yalionyesha haikuwasaidia.

Siku hizi kichochoro tunavuka wawili. Bakuli nashika mimi, chenji anapewa yeye, na bado hatoki pale mpaka nimwambie imetimia.

Anza na damu ya tezi wiki hii. Ukipata majibu yaandike hapahapa, na useme kama anakoroma.