Ng'ombe Hawaingii Kwenye Hifadhidata

SWALI

Ndugu mshauri, ninatengeneza programu ya PHP na MySQL ya kusajili wafugaji wanaoleta mifugo mnadani. Karani huweka alama kwenye visanduku vya ng'ombe, mbuzi na kondoo, kisha huhifadhi fomu. Awali kila mfugaji aliandikiwa neno «Array» badala ya wanyama wake. Nilipotumia foreach, mbuzi na kondoo waliingia, lakini ng'ombe hawaingii hata mara moja, wala sioni ujumbe wa kosa. Seva inatumia PHP 7.4 na ninaunganisha na MySQL kwa mysqli, kiungo cha PHP cha kuzungumza nayo. Nimekosea wapi?

Msomaji, Shinyanga

JIBU

Makosa yalikuwa mawili, na moja umekwisha kulirekebisha. Visanduku vilivyopewa jina wanyama[] huleta arei, yaani orodha ya thamani, na PHP ikilazimishwa kuipachika orodha nzima ndani ya maandishi ya SQL (lugha ya kuamuru hifadhidata) haifungui yaliyomo, bali huandika neno Array tu. Kupitia thamani moja moja kwa foreach ni sahihi. Wapo watakaokushauri uziunganishe kwa implode zikae katika safuwima moja; usiwasikilize, kwa kuwa siku utakapotaka kuhesabu wafugaji wenye mbuzi utalazimika kupekua maandishi.

Ng'ombe wako wanazuiwa na ritifaa, yaani ile alama (') iliyo ndani ya jina lao. Unapoandika '$aina', kigeu kinachobeba jina la mnyama, ndani ya amri ya INSERT ya kuingiza data, MySQL hupokea 'ng'ombe', nayo huichukua ile alama iliyo katikati ya neno kuwa ndiyo mwisho wa maandishi, kisha ikakutana na «ombe» isiyoeleweka na kuikataa amri yote. Katika PHP 7.4, mysqli hurudisha false (yaani «imeshindikana») kimyakimya, na kitanzi cha foreach huendelea na mbuzi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuanzia toleo la 8.1 lililotoka mwaka 2021, programu ingesimama na kosa lingeonekana. Mwanya huo wa ritifaa kukatiza maandishi ndio ambao mtu mwenye nia mbaya huutumia kupenyeza amri zake ndani ya hifadhidata, kwa hiyo usitafute namna ya kuiondoa ritifaa. Tenganisha amri na thamani, alama ? zikishika nafasi za thamani zitakazotumwa baadaye:

$amri = $db->prepare("INSERT INTO mifugo (mfugaji_id, aina) VALUES (?, ?)");
$amri->bind_param("is", $mfugaji, $aina);
foreach ($_POST['wanyama'] ?? [] as $aina) {
    $amri->execute();
}

Angalia kwamba prepare na bind_param zimekaa nje ya kitanzi: bind_param hushika kigeu chenyewe, si thamani yake ya wakati huo, hivyo kila mzunguko hutuma aina mpya. Alama ?? [] inahitajika kwa sababu karani asipoweka alama yoyote, kivinjari hakitumi wanyama kabisa.

Kabla ya mstari wa kuunganisha, ongeza mysqli_report(MYSQLI_REPORT_ERROR | MYSQLI_REPORT_STRICT), ili makosa yasijifiche tena. Kisha ulitazame na jedwali la wafugaji wenyewe, maana ikiwa nalo unalijaza kwa mtindo uleule, basi kila mtu anayeitwa Ng'wandu, na mkoani kwako si wachache, amekuwa akiachwa nje ya daftari pamoja na ng'ombe wake.