Bastola karibu na shule: hukumu ya 1995 si ruhusa

Ndugu, umeuliza kama hukumu ya 1995 katika kesi ya Lopez, mwanafunzi aliyekutwa na bastola shuleni, inakuruhusu kupita na bastola karibu na shule huko Texas. Hapana, usithubutu. Ni kweli kwamba mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya shirikisho ya 1990 iliyokataza silaha karibu na shule, ikisema kuwa mamlaka ya Bunge ya kusimamia biashara baina ya majimbo hayafiki kwenye bastola ya mwanafunzi huyo wa San Antonio. Lakini mwaka uliofuata Bunge liliongeza sharti kwamba silaha iwe imepita katika biashara hiyo au inaiathiri, na bastola nyingi zimepita. Marufuku ya silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule ingalipo. Tena, ingawa tangu 2021 Texas haiwadai watu wazima wengi leseni ya kubeba bastola, msamaha wa sheria ya shirikisho humhitaji mwenye leseni ya jimbo hilo. Chukua leseni hiyo kwanza.