LCA 900, PERM 120: je, kampuni hii inawapatia watu kadi ya kijani?

Swali: Nimepata ofa ya kampuni ya programu huko Seattle. Katika mafaili ya Wizara ya Kazi ya Marekani nimeihesabia mistari 900 ya LCA (hatua ya kuombea H-1B, viza ya kazi ya wataalamu) na 120 ya PERM (kibali cha wizara ambacho mwajiri huanza nacho kumwombea mtu kadi ya kijani) kwa mwaka mmoja. Ina maana ni mtu mmoja tu kati ya saba au wanane anayeombewa kadi ya kijani? Nimezaliwa Tanzania.

Jibu: Usizigawanye namba hizo, maana hazihesabu kitu kimoja.

LCA ni tamko la mwajiri kuhusu mshahara na mahali pa kazi, nalo hutangulia ombi la H-1B. Mfanyakazi mmoja anaweza kuwa na tatu: alipoajiriwa, alipoongezewa muda (LCA haizidi miaka 3), na alipohamishiwa mji mwingine. Papo hapo, LCA moja yaweza kubeba nafasi kadhaa. Tazama safu ya TOTAL_WORKER_POSITIONS. Chuja pia safu ya VISA_CLASS, kwani LCA za viza nyingine, E-3 ya Waaustralia na H-1B1 ya Chile na Singapore zimo humo humo. Ukitaka maombi ya H-1B yaliyokubaliwa kweli, fungua takwimu za waajiri za USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani), ambazo hutenga maombi mapya na ya kuendelea.

PERM ni mstari mmoja kwa mtu mmoja. Hili ndilo faili la kukufaa, ila lina mitego. Alama ya "Certified-Expired" huwatisha wengi bure: kesi ilikubaliwa, ila siku 180 za kukitumia cheti kuwasilisha I-140 (ombi la mwajiri kwa USCIS, hatua inayofuata PERM) zimeshapita, na mara nyingi kilishatumika. Ihesabu pamoja na "Certified". Mafaili hupangwa kwa tarehe ya uamuzi, na mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba. Kesi ikikaa zaidi ya mwaka mezani, zile 120 zinakueleza sera ya zamani ya kampuni. Kwa hiyo unganisha miaka mitatu au minne, kisha panga upya kwa tarehe ya kupokelewa. Ukiona miezi mitupu, angalia kama kampuni ilipunguza watu. Kwa miezi 6 baada ya hapo, mwajiri anayefungua PERM ya kazi hiyo katika eneo hilo lazima awape taarifa na kuwafikiria kwanza aliowaachisha, na wengi huona nafuu kusimamisha PERM kabisa.

Jina nalo hupotosha. Amazon.com Services LLC na Amazon Web Services, Inc. ni waajiri wawili kwenye mafaili. Tafuta kwa kipande cha jina, kusanya namba zote za FEIN (namba ya kodi ya mwajiri), ndipo uhesabu. Mshahara ulioandikwa hauonyeshi hisa, basi usishangae ukiwa chini ya ofa yako.

Foleni ya kadi hufuata nchi uliyozaliwa, na ya Mtanzania ni fupi mno kuliko ya mzaliwa wa India. Kwa upande wa kampuni, kinachoamua zaidi ni lini inaanza PERM. Waulize watu wa ajira, kwa maandishi: mnaanza mwezi wa ngapi tangu mtu aajiriwe? H-1B ina kikomo cha miaka 6, na ili kuongezewa mwaka mmoja mmoja baada ya hapo, kwa kawaida lazima ziwe zimepita siku 365 tangu PERM au I-140 iwasilishwe. Wakikujibu "baada ya mwaka wa tano", muda umekubana tayari.